George de Hevesy: Mkemia aliyewapa madaktari jicho la kuifuata damu hadi miguuni

KIJANA mmoja mwembamba, mwenye adabu za watu waliokulia katika utajiri, alipanga chumba jijini Manchester, Uingereza, mwaka 1911. Kodi aliyolipa ilikuwa pamoja na chakula. Haukupita muda mrefu akaanza kuingiwa na shaka kwamba nyama iliyobaki mezani siku ya Jumapili ilikuwa ikirudishwa jikoni, ikakatwakatwa na kuandaliwa tena katikati ya wiki kama chakula kipya.

Mama mwenye nyumba alikana. Mpangaji wake hakuendelea kubishana naye. Jumapili iliyofuata alitia kiasi kidogo sana cha dutu yenye mionzi katika mabaki ya chakula sahanini, kisha akasubiri. Siku chache baadaye alikuja mezani na elektroskopu, kifaa cha kutambua mionzi, akakisogeza karibu na chakula kilichopakuliwa. Kifaa kikaitika. Chakula cha Jumapili kilikuwa kimerudi mezani kwa sura nyingine.

Wasimuliaji wanatofautiana kuhusu chakula chenyewe kilikuwa kipi, lakini mhusika mwenyewe alikuwa akipenda kukisimulia kisa hicho hata uzeeni. Jina lake lilikuwa George de Hevesy, raia wa Hungaria, na wakati ule hakuwa anajulikana nje ya duara dogo la wanasayansi.

Kisa hicho husimuliwa zaidi kwa kuchekesha. Hata hivyo, ndani yake mna wazo zima ambalo juu yake ilikuja kujengwa fani ya tiba ya nyuklia: kwamba ukiweza kuzitia alama atomi chache, unaweza kuzifuata popote ziendako, iwe ni jikoni kwa mama mwenye nyumba au ndani ya mwili wa binadamu aliye hai.

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni kisichopona, anapolazwa leo chini ya kamera ya gama, huulizwa swali lile lile lililoulizwa mezani Manchester. Kile kilichotiwa kule kimefika huku? Kwa mgonjwa huyo jibu si jambo la kuchekesha. Laweza kuwa tofauti kati ya kupoteza kidole na kupoteza mguu kuanzia juu ya goti.

Mtoto wa Budapest

Hevesy alizaliwa Agosti 1, 1885 mjini Budapest, wakati huo ukiwa mmoja wa miji mikuu ya Dola ya Austria na Hungaria. Alikuwa mtoto wa tano kati ya wanane katika familia tajiri yenye asili ya Kiyahudi iliyokuwa imeingia Ukatoliki. Alisomeshwa na mapadri wa shirika la Wapiari, akamaliza shule mwaka 1903.

Baada ya kusoma kwa muda mfupi Budapest na Berlin alihamia Freiburg, kusini mwa Ujerumani, ambako alipata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1908. Kutoka hapo maisha yake yakawa ya kuhamahama: Zurich, kisha Karlsruhe katika maabara ya Fritz Haber, na hatimaye Manchester kwa Ernest Rutherford, mtu ambaye katika mwaka ule ule wa 1911 alitangaza kwamba atomi ina kiini.

Rutherford alikuwa na tatizo lililomkera. Serikali ya Austria ilikuwa imempatia shehena ya risasi (ile ya madini, si ya bunduki), iliyotokana na mawe ya urani kutoka machimbo ya Joachimsthal. Ndani ya risasi hiyo mlikuwamo kitu chenye mionzi ambacho wakati ule kiliitwa radiamu D. Risasi ilikuwa ikimeza mionzi na kuifanya shehena nzima isiwe na faida kwa majaribio yake. Alimtaka Hevesy aitenganishe radiamu D na risasi.

Hevesy alijaribu kila njia iliyojulikana katika kemia. Alijaribu kwa takriban miaka miwili, akashindwa kabisa.

Wengi katika hali hiyo wangetafuta kazi nyingine. Kilichomtofautisha Hevesy ni kwamba alikitazama kushindwa kwake upya. Alijiuliza iwapo vitu viwili ambavyo hakuna awezaye kuvitenganisha haviwezi kutumika kwa namna ya kinyume. Kama radiamu D inakwenda na risasi kila iendako, basi mtu akiongeza radiamu D kidogo tu katika risasi ya kawaida, ataweza kujua risasi iko wapi kwa kupima mionzi peke yake.

Ni sawa na mchungaji anayemvisha mbuzi mmoja kengele. Mbuzi mwenye kengele hali majani tofauti na wenzake wala hafuati njia yake pekee; ndiyo maana ukiisikia kengele kichakani unajua kundi zima liko huko. Baadaye ilifahamika kwamba radiamu D ilikuwa risasi yenyewe, yenye uzito mwingine wa kiini. Mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy aliipa aina hiyo ya atomi jina la isotopu.

Mwaka huo huo wa 1913 Hevesy alikwenda Vienna, katika Taasisi ya Utafiti wa Radiamu, ambako yeye na Fritz Paneth walilitumia wazo hilo kwa mara ya kwanza kisayansi. Walipima ni kiasi gani cha chumvi za risasi huyeyuka katika maji, kiasi kidogo mno ambacho hakuna mizani iliyoweza kukipima, nao wakakipima kwa mionzi.

Ni katika kipindi hicho pia ambapo, akinywa chai na mwanafizikia kijana Henry Moseley, Hevesy alitamka tamanio la ajabu. Alitaka kujua maji ya kikombe kile cha chai yangekwenda wapi mwilini, na yangekaa humo kwa muda gani. Moseley aliona ni ndoto ya mchana. Hakuishi kuona mwisho wake. Aliuawa katika vita Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Kutoka maharage hadi sungura

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Hevesy akitumikia jeshi la dola yake, na ilipokwisha mwaka 1918 dola yenyewe haikuwapo tena. Hungaria ilipitia mapinduzi na mapinduzi ya kupinga mapinduzi. Chuo kikuu hakikuwa tena mahali pa kufanyia kazi kwa utulivu. Mwaka 1920 alifunga virago akaenda Copenhagen, Denmark, kwa rafiki yake Niels Bohr, aliyekuwa anafungua taasisi mpya ya fizikia.

Copenhagen ndiko alikopatia umaarufu wake wa kwanza, na haukuhusiana na tiba. Yeye na Mholanzi Dirk Coster waligundua elementi namba 72 ndani ya mawe ya zirkoni. Habari zilimfikia Bohr kwa simu Desemba 1922 akiwa Stockholm, muda mfupi kabla hajapanda jukwaani kutoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Elementi hiyo ilipewa jina la hafniamu, kutokana na jina la Kilatini la mji wa Copenhagen. Kulikuwa na ugomvi mkali na wanasayansi wa Ufaransa waliodai kuigundua mapema, lakini Hevesy na Coster ndio waliothibitika.

Jambo lililokuja kuwa na uzito zaidi kwa wagonjwa lilifanyika kwa kelele kidogo mwaka 1923. Hevesy aliweka mizizi ya maharage makubwa, yale ya Ulaya, katika maji yenye risasi ya mionzi, kisha akaichoma sehemu moja moja ya mmea na kupima majivu yake. Aliona ni kiasi gani kilibaki mizizini, na ni kiasi gani kidogo kilichopanda hadi majanini. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa kifuatilio cha mionzi kutumiwa ndani ya kiumbe hai. Mwaka uliofuata, akishirikiana na madaktari wa Denmark, alihamia kwa wanyama, wakifuata njia ya bismathi mwilini mwa sungura, kwa kuwa bismathi ilikuwa dawa ya kaswende.

Mwaka huo wa 1924 alimuoa Pia Riis, binti wa Kidenmark, nao wakajaliwa watoto wanne.

Hata hivyo, njia ilikuwa na ukuta mbele yake. Risasi ni sumu, na wala si sehemu ya mwili. Atomi ambazo mwili unazitumia kila siku, kama vile za fosforasi, sodiamu na chuma, hazikuwa na ndugu yeyote mwenye mionzi ambaye angeweza kuvishwa kengele. Hevesy alikuwa na ufunguo, mlango ndio uliokosekana.

Kikombe cha chai chajibiwa

Mwaka 1926 alirejea Freiburg kama profesa. Aliishi huko vizuri hadi Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933. Kwa sheria zao, Ukatoliki wa wazazi wake haukuwa na maana yoyote. Kilichohesabiwa ni damu. Mwaka 1934 aliiacha kazi na kurudi Copenhagen.

Ni ajabu ya historia kwamba mwaka huo wa kufukuzwa ndio uliomfungulia mlango. Mapema mwaka 1934 Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walitangaza jijini Paris kwamba binadamu anaweza kutengeneza mionzi kwa mkono wake, akaigeuza elementi ya kawaida kuwa yenye mionzi. Ghafla karibu kila atomi iliyomo mwilini ingeweza kupata kengele yake.

Aidha, Mmarekani Harold Urey alikuwa amegundua haidrojeni nzito, na Hevesy alipata kutoka kwake maji yenye atomi hizo. Maji mazito hayana mionzi, bali yana uzito unaopimika. Hevesy na msaidizi wake walipima namna maji hayo yalivyotoka mwilini baada ya kunywewa, wakakuta kwamba nusu ya maji anayokunywa mtu huwa imetoka baada ya siku 9 hivi. Swali la kikombe cha chai, lililoonekana ndoto ya mchana miaka zaidi ya 20 nyuma, likawa limepata jibu.

Mwaka 1935 Bohr alitimiza miaka 50. Wadenmark walichanga fedha na kumnunulia zawadi ya miligramu 600 za radiamu, kitu cha thamani kubwa mno wakati ule. Radiamu hiyo, ikichanganywa na beriliamu, hutoa nyutroni. Hevesy aliitumia kutengenezea fosforasi yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila siku 14.

Aliwalisha panya fosforasi hiyo. Matokeo yake yalibadili namna madaktari walivyoufahamu mwili. Hadi wakati huo mfupa ulidhaniwa kuwa kama nguzo ya nyumba: ukishajengwa, umejengwa. Hevesy alionyesha kwamba atomi za fosforasi huingia katika mfupa na kutoka, siku baada ya siku, hata kwa mnyama aliyekwisha kukua. Nguzo inasimama pale pale ilhali tofali zake zinabadilishwa bila kukoma.

Kutoka mifupa alihamia damu. Mwaka 1940 yeye na mwenzake walizitia alama chembe nyekundu za damu ya sungura kwa fosforasi na kuzirudisha mwilini. Kwa kupima jinsi zilivyochanganyika na damu nyingine, waliweza kukokotoa sungura ana damu kiasi gani bila kumchinja. Hesabu yake inafanana na ile ya kujua ukubwa wa pipa kwa kutia rangi kijiko kimoja na kuangalia maji yamepauka kiasi gani.

Dhahabu rafuni

Aprili 9, 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Copenhagen. Katika taasisi ya Bohr zilikuwamo medali mbili za Nobel za dhahabu, moja ya Max von Laue na nyingine ya James Franck, zilizopelekwa huko kwa siri ili zisitwaliwe na Wanazi. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina ya wenyewe yalikuwa yamechongwa juu yake. Zingeonekana, Laue, ambaye bado alikuwa akiishi Ujerumani, angekuwa hatarini.

Hevesy alipendekeza zizikwe. Bohr alikataa, akiona zinaweza kufukuliwa. Basi, wakati askari wakipita mitaani, mkemia huyo alikaa maabara akiziyeyusha katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya haidrokloriki, mmoja kati ya vimiminika vichache vinavyoweza kuila dhahabu. Kazi ilikwenda polepole, kwani dhahabu ni ngumu kuyeyuka. Mwishowe kilichobaki kilikuwa chupa ya maji ya rangi ya machungwa, akaiweka rafuni miongoni mwa chupa nyingine.

Wajerumani waliipekua taasisi ile. Hakuna aliyeishughulikia chupa. Baada ya vita ilikutwa pale pale, dhahabu ikarudishwa kuwa dhahabu na kupelekwa Stockholm, na wahusika wakatengenezewa medali upya.

Hevesy mwenyewe alibaki Copenhagen hadi mwaka 1943, hali ya watu wenye asili ya Kiyahudi ilipokuwa ya hatari, akakimbilia Sweden. Huko ndiko habari njema ilikomkuta: Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943, iliyokuwa imewekwa kiporo mwaka mzima, ilitolewa kwake mwaka 1944 kwa kazi yake ya kutumia isotopu kama vifuatilio. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Mkononi hadi unyayoni

Haki itendeke hapa. Hevesy hakuwa daktari, na si yeye aliyekuwa wa kwanza kuifuata damu ya binadamu kwa mionzi. Sifa hiyo ni ya daktari Hermann Blumgart wa Boston, Marekani. Katikati ya miaka ya 1920, yeye na wenzake walidunga mshipani mwa mkono mmoja maji ya chumvi yenye dutu iliyotokana na radiamu, wakaweka kifaa cha kutambua mionzi kwenye mkono wa pili. Kwa mtu mwenye afya damu ilichukua kama sekunde 18 kutoka mkono hadi mkono. Kwa wenye moyo dhaifu ilichelewa. Leo jaribio la aina hiyo lisingeruhusiwa bila kupita kwenye kamati ya maadili, lakini wakati ule hata neno lenyewe la kamati hizo halikuwapo.

Miguu ilifikiwa miaka ya 1940. Jijini New York, mtaalamu wa fizikia ya tiba Edith Quimby na daktari Beverly Smith walitumia sodiamu yenye mionzi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida na hupungua kwa nusu kila baada ya saa 15. Waliidunga mkononi, kisha wakaweka kifaa cha kuhesabu mionzi kwenye nyayo za mgonjwa. Kifaa kikaonyesha chumvi ilipowasili, na jinsi ilivyoongezeka hadi kufikia kiwango chake. Mguu wenye mishipa mizima ulijaa haraka, wenye mishipa iliyoziba ulijaa kwa kusuasua.

Maradhi waliyokuwa wakiyachunguza hayajaondoka. Ateri za miguu hujengeka utando wa mafuta kwa ndani, hasa kwa wavuta sigara, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Dalili ya kwanza kwa wengi ni maumivu ya misuli ya nyuma ya mguu wakati wa kutembea, yanayokoma mtu akisimama. Wazee wengi huyaita uchovu wa umri na kuyanyamazia. Baadaye huja kidonda kisichofunga, kidole kinachobadilika rangi kuwa cheusi, na mwisho msumeno wa daktari.

Ugumu mkubwa wa daktari huyo ni kuamua akate wapi. Akikata chini mno, ngozi isiyo na damu ya kutosha haitapona na mgonjwa atarudi kukatwa tena. Akikata juu mno, amemnyima mtu goti ambalo lingemsaidia kutembea na mguu wa bandia. Macho na vidole vya daktari havitoshi kulijibu swali hilo.

Mwaka 1949 Mmarekani Seymour Kety alieleza njia ya kudunga sodiamu hiyo moja kwa moja katika msuli na kupima inavyoondoshwa na damu: damu nyingi huisafisha haraka, damu kidogo huiacha hapo. Mwaka 1964 Niels Lassen na wenzake, tena katika mji ule ule wa Copenhagen, waliboresha kipimo hicho kwa gesi ya zenoni-133. Katika miaka iliyofuata madaktari wa upasuaji waliitumia zenoni kupima damu ya ngozi ya mguu kabla ya kuamua mahali pa kukata.

Wakati huo picha nazo zilikuwa zimeanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hal Anger wa Berkeley alitengeneza kamera ya gama, inayochora ramani ya mionzi itokayo mwilini badala ya kuihesabu tu. Karibu wakati huo huo, maabara ya Brookhaven karibu na New York ilibuni chombo cha kukamulia teknishiamu-99m, isotopu inayopungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Muda huo unatosha kumpiga mgonjwa picha na kumruhusu kwenda nyumbani, mionzi ikiwa inaisha yenyewe.

Kipimo cha namna hiyo hufanywa kwa kumdunga mgonjwa dawa iliyofungwa na teknishiamu, mara nyingine akiwa ametembezwa kwanza ili misuli idai damu. Misuli iliyopata damu hung'aa katika picha, isiyopata hufifia, na mguu wa kulia hulinganishwa na wa kushoto. Kwa kidonda cha kisukari hutumika pia picha ya mifupa ya awamu tatu: awamu ya kwanza huonyesha damu inavyoingia mguuni, ya mwisho, saa kadhaa baadaye, huonyesha kama mfupa wenyewe umeingiliwa na wadudu. Wanaoisoma picha hiyo ya mwisho wanategemea jambo lile lile Hevesy aliloliona kwa panya wake, kwamba mfupa hauachi kupokea atomi mpya. Hata miguu iliyovimba, ikiwamo ya matende ambayo watu wa pwani wanaifahamu vizuri, huweza kuchunguzwa kwa njia hiyo, kwa kufuata maji ya limfu badala ya damu.

Ni vyema ikaeleweka kwamba hiki si kipimo cha kwanza. Kwa kawaida daktari huanza kwa kupapasa mapigo ya mguu, kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono, na kutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Picha za nyuklia huitwa pale vipimo hivyo visipotosha, kwa mfano kwa wagonjwa wa kisukari ambao ateri zao zimekakamaa na kutoa namba za kudanganya. Mishipa mikubwa inaweza kuonekana wazi huku nyama ya unyayo ikikosa damu, na hapo ndipo atomi zenye kengele zinapoonyesha kile ambacho vifaa vingine havikioni.

Safari ya mwisho

Hevesy aliendelea kufanya kazi Stockholm, akawa raia wa Sweden. Chama cha Kifalme cha London kilimpa Medali ya Copley mwaka 1949, na miaka kumi baadaye alikabidhiwa nchini Marekani tuzo ya Atomu kwa Amani. Wakati jina la atomi lilipokuwa limefungamana na Hiroshima, yeye alikuwa mmoja wa wachache walioweza kuonyesha kazi ya maisha yao na kusema hapana mtu aliyekufa kwayo.

Marafiki walimfahamu kama mtu mpole, asiyependa makuu, aliyejisikia nyumbani katika nchi nyingi bila kumilikiwa na hata moja. Mtoto wa Budapest, msomi wa Ujerumani, mtafiti wa Uingereza na Austria, mume wa Mdenmark, raia wa Sweden.

Afya yake ilipoanza kudhoofu alirudi Freiburg, mji aliosomea udaktari wake na ambao Wanazi walimlazimisha kuuacha. Alifia huko Julai 5, 1966, akiwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 81, akazikwa.

Lakini hata kaburi lake lilihama. Mwezi Aprili 2001, kwa ridhaa ya familia yake, mabaki yake yalirejeshwa Hungaria na kuzikwa upya katika makaburi ya Kerepesi, Budapest, miaka 81 baada ya kuondoka katika mji huo kuelekea Copenhagen.